Vidonge vya Kumzika Mtani

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Nesi alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja tu: alitaka amzike Dokta. Hakuisema kwa kunong'ona. Aliisema barazani, sokoni, bombani, na mbele ya Dokta mwenyewe. Kila aliposema watu walicheka, na Dokta alicheka kuwashinda wote.

Walicheka kwa sababu wawili hao walikuwa watani. Koo zao zilikuwa zikitaniana tangu kwa mababu, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukuaibisha mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya sahani ya pilau, akakulilia matanga nawe u mzima. Wewe unaruhusiwa kumjibu kwa utani kama huo. Kununa huruhusiwi. Anayemnunia mtani huonekana mtu asiyelelewa, na watu humtazama yeye kwa jicho baya, si yule aliyemtania.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Kibiti, nimepanga chumba katika uwanja wa Bi Nesi. Nilichukua muda mrefu kujua kwamba katika kicheko chote kile, mtu mmoja hakuwa akicheka.

Wakati huo Bi Nesi alikuwa amekwisha kustaafu zahanati ya serikali. Aliondoka na vitu viwili: sufuria ndogo ya kuchemshia mikasi na desturi ya kuamka kabla ya adhana. Magauni yake meupe aliyageuza foronya, lakini kola za blauzi zake aliendelea kuzipiga pasi zikasimama kama za kazini. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanamke akija kulalamika mguu umevimba, swali la kwanza lilikuwa, "Chumvi umekula ya wangapi?" Mzee wa jirani alipokataa kuacha mafuta ya nazi, Bi Nesi alikwenda kwake, akaiinua chupa mbele ya mkewe na kuimwaga yote kwenye shina la mpapai. Mzee alifoka. Bi Nesi akamwambia, "Foka, baba. Ukifoka najua unapumua."

Kuzalisha ndiko kulikompa jina. Wanawake wa Kibiti, na wengine wa kutoka Mahege na Dimani, walimfuata nyumbani hata baada ya kustaafu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na sifa ya kutotetemeka. Watoto wengi waliokuwa wakicheza mpira nyuma ya mahakama walipokelewa na mikono ile, naye aliwaita wote "mzigo wangu". Mzigo wangu njoo hapa. Mzigo wangu umeoga?

Moyo ulipoanza kumsumbua alinyamaza. Maumivu yalimshika katikati ya kifua kila alipotembea mwendo wa nyumba nne au tano, yakashuka mkono wa kushoto, na aliposimama yakamwacha. Akabuni namna ya kusimama. Alisimama mbele ya uwanja wa mtu na kuukagua: "Hapa pamefagiliwa lini?" Akisogea mbele akasimama tena: "Huyu kuku mbona mgonjwa?" Mpaka afike sokoni alikuwa amekwisha kuwasema watu wa nyumba sita. Wakamwita mbea. Hakujali, maana alionelea bora aitwe mbea kuliko kuitwa mgonjwa.

Mtu wa kwanza ambaye Bi Nesi alimweleza ukweli alikuwa Dokta.

Dokta hakuwa daktari. Alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ile ile, na ni Bi Nesi aliyemfundisha kushika sindano. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, watu binafsi waliporuhusiwa tena kutibu na kuuza dawa, aliacha kazi ya serikali akafungua duka la dawa kando ya barabara kuu. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye kitanda, pazia la kijani na kipimo cha kusikilizia kifua kilichoning'inia ukutani ambapo kila mtu angekiona. Alikuwa mcheshi, mnene wa kupendeza, mvuta sigara, na hakuna aliyeingia pale akatoka bila kucheka. Bi Nesi alimwendea mchana watu wakiwa msikitini, akalala nyuma ya lile pazia, akapimwa. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Hili liishe humu." Dokta akajibu, "Kwani mimi redio?"

Siku ya tatu tulikuwa kwenye mazishi Dimani. Aliyefariki alikuwa mzee wa ukoo wa Bi Nesi, kwa hiyo watani walikuwa na kazi yao, na Dokta ndiye alikuwa kinara. Kwanza alijilaza kwenye jeneza akidai nafasi ni yake. Alipoondolewa, akajifunga khanga kiunoni, akaweka mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye ua wa makuti, akatembea hatua tatu na kusimama.

"Hapa pamefagiliwa lini?" akasema kwa sauti ya Bi Nesi. Hatua tatu nyingine. "Ngojeni kwanza, jamani, moyo wangu umechoka!"

Watu walicheka wakalia. Mimi nilicheka. Dokta alipoona imeshika, akaongeza, "Mnacheka? Huyu hasimami kuwasema, anasimama kuvuta pumzi. Asipokwenda kupasuliwa kifua, masika ijayo hatumwoni, na jeneza nalala nalo mimi!"

Bi Nesi alikaa kwenye jamvi na wanawake wenzake. Alipiga makofi pamoja nao. Nilimtazama kwa kuwa macho yangu yamezoea kutazama watu wanaotuhumiwa, nikaona anapiga makofi taratibu sana, na baada ya wengine kuacha yeye aliendelea kidogo.

Kicheko kilikwisha pale pale. Maneno yalibaki. Wanawake wakarudi nyumbani wakafikiri, wakakumbuka wapi anasimama na mara ngapi. Mwezi ule ule binti wa jirani alishikwa na uchungu. Bi Nesi ndiye aliyempokea binti yule alipozaliwa. Alikuwa tayari amechemsha mikasi yake na kuketi mlangoni. Ukapita umati wa wanawake na mkunga mwingine waliyemfuata Mahege. Mama wa binti aliinamisha kichwa alipopita. "Tumeogopa usije ukaanguka, dada," alisema. "Na sisi tukuhudumie wewe au mtoto?"

Tangu siku hiyo hakuitwa tena na mtu yeyote. Sufuria ikawa ya kuchemshia mayai.

Alinijia ofisini asubuhi moja, amevaa blauzi ya kola, akataka kufungua shauri.

"Shauri la nini, Bi Nesi?"

"Mtu ametoa siri ya mgonjwa."

"Ameitoa wapi?"

"Matangani. Akinitania."

Hakimu, aliyekuwa ameketi meza ya pili, aliweka kalamu chini akacheka mpaka akafuta macho. "Mama, mtani unamleta mahakamani? Nikuandikie hati ya kumwita mtani?" Nami nilitabasamu, nalijutia tabasamu lile hadi leo. Bi Nesi alisimama, akanyoosha khanga yake, akasema, "Basi na mimi nitamtania." Hakurudi tena na jambo hilo.

Safari ya Dar es Salaam tulikwenda pamoja, mimi nikiwa na shughuli zangu za kiofisi. Daktari wa moyo alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimpima, akamweleza kwamba mishipa inayolisha moyo imepungua upana, na kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni vidonge: cha kupunguza kasi ya moyo, aspirini ndogo kila siku, na kidogo cheupe cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Ya pili ni kuingiza jina lake kwenye orodha ya wanaopelekwa India kupasuliwa.

"Nikipasuliwa nitaishi zaidi?" aliuliza Bi Nesi.

"Maumivu yatapungua, huenda yakaisha. Kuishi zaidi, kwa moyo wenye hali kama yako, siwezi kukuahidi. Vidonge ukivifuata vizuri vinaweza kukufikisha kule kule."

"Na wanaofia mezani?"

"Wapo. Si wengi."

"Mmoja ananitosha nikiwa mimi." Alifikiri kidogo. "Nipe vidonge. Maumivu nitayavumilia. Kuna mtu nataka nimzike."

Daktari akainua uso. "Mumeo?"

"Mume wangu nilikwisha kumzika. Huyu ni mtani."

Daktari naye alikuwa mtu wa pwani. Akacheka, akaandika dawa.

Tulikuwa njiani kurudi, tumepita Mkuranga. Bi Nesi akasema, akitazama nje: "Yeye kasema nisipopasuliwa masika sifiki. Nikifia India atasema alijua. Nikipona India atasema yeye ndiye aliyenipeleka. Hapati hata kimoja."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Vidonge vya asubuhi alivifunga pindo la kulia la khanga na vya jioni pindo la kushoto, na kila fundo lilipofunguliwa alitaja jina la Dokta, kama mwingine anavyotaja la Mungu. Alikula mchicha wa kuchemsha na samaki asiyekaangwa. Aliacha chumvi kabisa, akasema chakula kimekuwa kama karatasi, akala karatasi. Kila masika ilipokatika alivaa khanga mpya, akatembea polepole hadi duka la dawa, akasimama mlangoni.

"Dokta! Mvua zimekwisha. Nimekuja unione."

"Bado upo, mzee?"

"Nipo. Wewe tumbo limeongezeka. Jeneza la msikitini halikutoshi, tutaongeza mbao."

Watu walitoka madukani kusikiliza. Ikawa kama sikukuu.

Kuna jambo moja katika tabia zake ambalo sikulielewa mapema, na nilipolielewa nilitamani nisingelielewa. Huyu mwanamke aliyemwaga mafuta ya mzee wa jirani alikuwa akimpelekea Dokta chakula. Kila Iddi, kila Maulidi, na Ijumaa nyingi za kawaida, alipika wali wa nazi tui zito, akakaanga kamba wa kutoka delta waogelee kwenye mafuta, akachoma mbavu za mbuzi na shahamu yake. Juu ya kawa iliyofunika sinia aliweka pakiti ya sigara. "Mpelekee mtani wangu," alisema, "na asibakize." Mtaa mzima ulimsifu kwa moyo mweupe. Siku moja nilimwuliza mbona yeye mwenyewe haonji hata kijiko.

"Mimi naumwa," alinijibu. "Yeye si mzima?"

Nilipotaka kusema neno, alinitazama jinsi alivyowatazama wazazi waliochelewesha mtoto zahanati. Nilibeba sinia lile kwa mikono yangu zaidi ya mara moja.

Wala sitaki aeleweke kuwa mtu wa shari tupu. Mke wa Dokta alipougua malaria kali, Bi Nesi alikesha naye siku tatu, akamwosha, akambadilishia nguo, na Dokta alipomshukuru akamjibu, "Sikukuhudumia wewe." Alikwenda pia kwenye kila mazishi aliyoweza kufika, na wengi tulidhani ni ibada. Ilikuwa mazoezi. Aliwatazama watani wanavyofanya, kisha nyumbani, peke yake uani, aliigiza mwendo wa Dokta: miguu iliyotanuka, kikohozi cha sigara, namna anavyojipiga tumbo kabla ya kusema uongo. Nilimwona kupitia dirisha langu. Alikuwa anapatia kabisa.

Kisha nilihamishiwa Lindi, na ikapita miaka miwili kabla sijarudi kuwasalimu. Mto ulikuwa umejaa. Pantoni ya Ndundu ilituchelewesha tangu asubuhi hadi alasiri, nikafika Kibiti nimechoka. Duka la Dokta ndilo lililokuwa karibu na kituo, nikapita kwake kwanza.

Sikumtambua upesi. Tumbo lilikuwapo lakini uso ulikuwa umebonyea, na midomo imekuwa ya kijivu. Alinivuta nyuma ya pazia la kijani, safari hii bila mzaha.

"Karani, moyo," alisema. "Dar wamenipima. Wanataka kunipitisha mpira kwenye mshipa wa paja mpaka ndani, waangalie. Wakiona pabaya wanipasue. Mimi nimewaambia nitafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri vidonge. Mtani wangu kameza vidonge miaka yote hii, humwoni? Nenda kamuulize alimeza vipi, nami nimeze hivyo hivyo." Akajaribu kucheka. "Mimi kisu nakiogopa, bwana wee."

Nilimwuliza maumivu yanamjia wakati gani. Akasema siku hizi hayana wakati. Juzi yalimkamata amekaa kitini, jana amelala.

Bi Nesi alikuwa barazani na chai yake isiyo na sukari. Alikuwa amekonda, lakini kola ilikuwa imesimama. Baada ya shikamoo na marahaba nilimpa ujumbe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipofika mwisho aliuliza swali moja.

"Hata amelala?"

"Hata amelala."

Akaweka kikombe chini. Sauti iliyotoka ilikuwa ya zahanati. "Yangu hayajanijia nimelala hata siku moja. Yananijia nikitembea, nikisimama yananiacha. Miaka yote yako vile vile, hayapandi hayashuki. Ndiyo maana vidonge vikanitosha. Ya kwake yamebadilika. Huo si moyo wa kuusubirisha. Huyo anatakiwa Dar kesho asubuhi, na huo mpira wampitishe."

"Basi nikamwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe." Akajifunga khanga vizuri. "Ameniuliza mimi."

Tulikwenda taratibu, akasimama mahali pake pote, akakagua nyua za watu. Dukani palikuwa na wateja watatu, fundi baiskeli wa jirani na mke wa Dokta. Bi Nesi alisimama mlangoni, akaweka mikono kiunoni, na uso wake ukachanua kicheko ambacho sikuwahi kukiona kizuri vile.

"Dokta! Nasikia unataka vidonge vyangu!"

"Nigawie, mtani!"

"Havikufai! Mimi moyo wangu una adabu, wako mhuni, unakupiga hata umelala! Nenda Dar wakakutie mpira. Usipokwenda, Ijumaa hii nakuzika, nakwambia, na kipimo cha mwanandani wa kaburi lako nimeshachukua!"

Fundi baiskeli alishika ukuta kwa kucheka. Mke wa Dokta alijifunika mdomo na upande wa khanga.

"Unanitaka nikafie mezani, wewe!" Dokta alicheka, mkono kifuani. "Siendi ng'o! Miaka yote unanitafuta!"

"Usiende! Nani kakuomba? Baki hapa nisitembee mbali!"

Kisha akatanua miguu, akajipiga tumbo, akakohoa, akatembea mwendo wa Dokta kutoka mlangoni hadi barabarani. Watu walishangilia. Dokta mwenyewe alipiga makofi.

Nilimfuata nyuma mpaka tulipofika barazani.

"Bi Nesi, hakukuamini."

"Nimemficha neno gani? Nimemwambia ugonjwa, nimemwambia dawa, nimemwambia siku. Nimemwambia mbele za watu, nikicheka. Sijazidisha wala sijapunguza."

Nilirudi dukani peke yangu kabla ya magharibi, nikamweleza Dokta yote kwa utaratibu, kama ninavyosoma hati. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akanikonyeza. "Kakutuma," alisema. "Mtani wangu fundi. Sasa anatumia na serikali."

Usiku huo nililala katika chumba changu cha zamani, na alfajiri nilimsihi. Nilimwambia kuna mtu mmoja tu Kibiti nzima ambaye Dokta angemwamini, na ni yeye, kama angekwenda akamwambia bila kucheka. Alikuwa akifungua pindo la kulia. Alimeza, akanywa maji, na mara ile hakutaja jina la mtu.

"Nikienda bila kucheka," alisema, "atajua nimemsamehe."

Nilikwenda kuoga. Niliporudi hakuwapo barazani. Kikombe kilikuwa na chai nusu, na bado ya moto. Kwa mbali basi la Dar lilikuwa limesimama mbele ya duka la dawa, likiuziba mlango wote, na kutoka nilipokuwa sikuweza kuona nani anapanda. Lilipoondoka, duka lilikuwa limefungwa. Nilikimbia mpaka pale nikagonga. Hapakuwa na mtu. Fundi baiskeli alikuwa hajafungua. Lori la kusini nililoahidiwa nafasi likapiga honi, na dereva akasema hawezi kumngoja mtu na mto umejaa vile.

Nimemwandikia Bi Nesi kutoka Lindi, swali moja tu: asubuhi ile, ulimwendea Dokta bila kucheka? Huu ni mwezi wa pili, na sijapata jibu, si lake wala la mtu mwingine.